Kasomeno, Barabara Inayosubiri Malori

Barabara ya kaskazini-mashariki kutoka Lubumbashi hufika Kasomeno baada ya kilomita zipatazo 140, na hapo hugawanyika. Mkono mmoja unashuka Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Mwingine unaendelea kaskazini kuelekea Pweto, kwenye ziwa Mweru. Kwenye njia panda hiyo kuna miembe, vibanda vya mbao, magunia ya makala yaliyopangwa kando ya barabara, akina mama wenye mabeseni ya samaki mkavu, na vijana wanaouza petroli kwa chupa, wale ambao huku wanaitwa makadafi. Kuna pia vumbi jekundu linalotua juu ya kila kitu, kuanzia samaki hadi kola za wanafunzi wanaorudi kutoka shule.

Nilifika mwishoni mwa kiangazi, katika majuma yale ambayo miti ya miombo huchipua kabla hata ya mvua ya kwanza, na majani yake machanga huwa na rangi ya shaba. Njia nzima niliangalia vichuguu vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba, na watu wakichimba udongo wake kufyatulia matofali. Jinsi tulivyozidi kuuacha mji ndivyo misitu ilivyozidi kurudi, maana karibu na Lubumbashi yenyewe imeshamalizwa na tanuri za makala. Baiskeli zilitupita zikielekea mjini, kila moja imebeba magunia mawili au matatu, na wenye nazo wanazisukuma kwa miguu kwenye kila mwinuko.

Kilichonileta hapa ni magari ya umeme. Sikuona hata moja Kasomeno, na sikutarajia kuliona. Hata hivyo, mtu anayetaka kuelewa kwa nini kampuni za magari ya umeme zinajenga viwanda katika nchi hii na kuiruka ile, atajifunza mengi zaidi kwa kusimama kwenye njia panda hii kuliko kwa kusoma matangazo ya kampuni hizo.

Upande wa Kasenga kuna mradi mkubwa wa barabara ya kulipia unaounganisha Kasomeno, Kasenga na Chalwe kwa upande wa Kongo, kisha Kabila na Mwenda kwa upande wa Zambia. Jumla ni kilomita takriban 180, pamoja na daraja la mita 345 juu ya Luapula litakaloshikiliwa na kamba za chuma. Mjenzi ni GED Africa, kampuni yenye asili yake Hungaria katika kundi la Duna Aszfalt. Itajenga, itatoza malipo kwa wanaopita, na baada ya miaka ya mkataba itazikabidhi serikali mbili mali yao. Lengo halifichwi. Leo shaba na kobalti ya Katanga inatoka zaidi kupitia Kasumbalesa, mpaka ambao madereva wa malori wanaujua kwa foleni za siku nyingi. Daraja la Luapula litawapa njia ya pili, na litapunguza safari ya kwenda Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 200.

Hata kipande cha kutoka Lubumbashi hadi hapa kina historia yake ya madini. Kilikuwa miongoni mwa kazi zilizofanywa chini ya mkataba wa Sicomines wa 2008, ambao chini yake China ilijenga miundombinu na kujilipa kwa shaba na kobalti ya Kolwezi. Kwa hiyo njia inayoingia Kasomeno imelipiwa kwa madini, na ile inayotoka inajengwa ili madini yapite.

Kijana mmoja aliyewahi kufanya kibarua cha barabara alinisimulia matumaini yake tukiwa tumekaa kwenye benchi la kibanda. "Daraja ikiisha, papa, makamio yote ya Kolwezi itapita hapa. Batu batakula, batalala. Mimi nitafungua restora." Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kusema habari za kiwanda, cha chochote kile. Alinitazama kwa muda. "Kiwanda ya nini, papa? Umeme yenyewe haiko."

Nyuma ya kibanda hicho kulikuwa na paneli ndogo ya jua iliyoegeshwa kwenye bati, na juu ya meza simu za watu zimejipanga zikichajiwa kwa malipo. Kila moja ya simu zile ina betri, na katika betri za simu kobalti haikosi. Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Huisafirisha zaidi kama hidroksidi, unga unaofungwa katika mifuko mikubwa ya nailoni, ambao karibu theluthi moja yake tu ndiyo kobalti yenyewe. Unga huo husafishwa kwingine, na sehemu kubwa mno husafishwa China.

Mjenzi wa barabara hii ametoka Hungaria. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyo upande wa pili wa biashara hii, ule wa viwanda vya magari na betri.

Tarehe 30 Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ulianza kutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umeme yanayotengenezwa China, juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10. Kampuni ya BYD ya China iliongezewa asilimia 17, Geely 18.8, na SAIC 35.3. Hata Tesla, kwa magari inayoyaunda Shanghai, ilipewa 7.8. Hoja ya Brussels ilikuwa kwamba serikali ya China inawapa watengenezaji ruzuku inayowaumiza wenzao wa Ulaya. BYD haikusubiri. Mapema, Desemba 2023, wakati uchunguzi wa Ulaya ulikuwa ndio kwanza unaanza, ilitangaza kwamba itajenga kiwanda cha magari Szeged, kusini mwa Hungaria. Gari linaloundwa Szeged liko ndani ya ukuta wa ushuru tayari, na ushuru huo haulihusu.

Mwendo ni uleule kwingine. Uturuki iliweka ushuru wa ziada wa asilimia 40 kwa magari ya China, na Julai 2024 BYD ikatia saini kujenga kiwanda Manisa, cha dola bilioni 1 na magari 150,000 kwa mwaka. Brazili ilianza kurudisha ushuru wa magari ya umeme Januari 2024, ukipanda hatua kwa hatua hadi asilimia 35 mwaka 2026, na BYD ikachukua eneo la kiwanda cha zamani cha Ford huko Camaçari, Bahia. Huko Camaçari palitokea pia jambo la aibu: Desemba 2024 wakaguzi wa kazi wa Brazili walikuta vibarua 163 wa ujenzi, walioletwa kutoka China, wakiishi katika hali waliyoifananisha na utumwa. Nalitaja kwa sababu sisi wa Katanga tunajua vizuri kwamba kiwanda au mgodi kuja kwako hakukuhakikishii heshima ya mfanyakazi. Heshima hiyo huletwa na sheria na wakaguzi wasionunulika.

Marekani ndiyo iliyopandisha ukuta juu kuliko wote, asilimia 100 tangu Septemba 2024, na Kanada ikaifuata mwezi uliofuata. Kule BYD haikwenda kujenga kiwanda cha magari madogo. Ukuta ulikuwa mrefu mno, na uhasama wa kisiasa ulikuwa mkubwa kuliko faida. Hapo ndipo unaona kwamba ushuru peke yake hauleti mtu. Lazima nyuma yake kuwe na wanunuzi, umeme, barabara, na serikali iliyo tayari kufungua mlango kwa masharti yake.

Na betri? CATL, mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani, ilitangaza Agosti 2022 kwamba itajenga kiwanda Debrecen, Hungaria tena, kwa zaidi ya euro bilioni 7. Kampuni hiyohiyo mwaka 2021 ilinunua robo ya mgodi wa Kisanfu, mkoani Lualaba, kwa dola milioni 137.5. Soma tarakimu hizo mbili pamoja. Mahali penye kobalti pamewekewa mamilioni, na mahali penye wanunuzi pamewekewa mabilioni. Ikiwa siku moja gunia la kobalti ya Lualaba litavuka daraja la Luapula, likasafishwa China na kuishia ndani ya betri iliyoundwa Debrecen, basi Hungaria itakuwa imelipwa mara mbili kwa gunia hilo: malipo ya barabara huku, ajira na kodi kule. Siwalaumu. Wamecheza karata yao vizuri.

Pale njia panda, mama mmoja alinikaribisha kwenye beseni lake. "Karibu papa, ni ya Kasenga, imekauka muzuri." Nilinunua, na tukazungumza kuhusu samaki, ambao anasema wamepungua na wamekuwa wadogo. Habari hiyo ni ya zamani kwenye Luapula. Enzi ya Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walikaa Kasenga na kupeleka samaki Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa malori yenye barafu, chakula cha wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Samaki aliyependwa alikuwa mpumbu. Alivuliwa wakati akipanda mtoni kutaga, mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa karibu amekwisha. Fedha za biashara ile zilijenga nyumba mjini. Kasenga ilibakiwa na magofu ya maghala na mto usio na mpumbu.

Shaba na kobalti zilikwenda njia hiyo pia. Union Minière ilianzishwa 1906 na ikawasha tanuri la Lubumbashi 1911, lakini kazi ya mwisho ya kusafisha kobalti ilifanyika Olen, Ubelgiji. Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha migodi yake. Kampuni ilibaki Ulaya na ujuzi wake, mwaka 2001 ikabadili jina kuwa Umicore, na leo inatengeneza unga wa kathodi za betri katika kiwanda kilichofunguliwa 2022 huko Nysa, Poland. Kwa zaidi ya miaka mia moja hatua yenye faida kubwa imekaa palepale, mbali na hapa. Watu wa Katanga hawajawahi kukosa nguvu wala akili ya kazi hiyo. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, imefundisha wahandisi ambao leo wanaendesha migodi ya wageni kuanzia Likasi hadi Kolwezi.

Ndiyo maana mwaka 2022 moyo wangu ulichangamka. Aprili mwaka huo Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kushirikiana kuanzisha mnyororo wa betri za magari ya umeme, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa betri. Desemba, mjini Washington, Marekani ikaahidi kwa maandishi kuunga mkono. Nyuma ya mkataba huo kulikuwa na hesabu iliyofanywa na kampuni ya utafiti ya BloombergNEF mwaka 2021: kiwanda cha tani 10,000 kwa mwaka cha malighafi ya kathodi kingegharimu dola milioni 39 kujengwa Kongo, dhidi ya 112 China na 117 Marekani. Bei ya theluthi moja! Ukisikia hesabu kama hiyo unadhani wawekezaji watagombania viwanja.

Hawakugombania. Walikwenda Moroko. Gotion ya China ilisaini Juni 2024 kujenga kiwanda cha betri Kenitra, kwa kuanzia na dola bilioni 1.3, na CNGR ikajenga kiwanda cha malighafi za betri Jorf Lasfar. Moroko ina kobalti kidogo huko Bou Azzer, lakini ina kitu ambacho Kasomeno haina: mikataba ya biashara huru na Ulaya na Marekani, bandari, na viwanda vya Renault na Stellantis vinavyounda magari papo hapo. Mwekezaji anayetafuta jinsi ya kuingia ndani ya ukuta huenda mahali penye mlango wa kuingilia. Urahisi wa ujenzi huja baadaye.

Wapo watakaosema: basi tufunge madini yetu, watakuja wenyewe. Indonesia ilifanya hivyo na nikeli. Januari 2020 ilikataza kabisa kusafirisha nikeli ghafi, Umoja wa Ulaya ukaishitaki katika Shirika la Biashara Duniani na kushinda, lakini matanuri yalikwishajengwa, na Julai 2024 Hyundai na LG walifungua kiwanda cha seli za betri Karawang. Kongo nayo imeanza kushika lango. Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na tangu tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka migawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa kila mwaka 2026 na 2027. Naunga mkono hatua hiyo. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mwenye mali ameamua ni kiasi gani kitoke.

Lakini Indonesia ina watu zaidi ya milioni 270 wanaonunua pikipiki na magari, na ina makaa ya mawe ya kuwashia matanuri. Isitoshe, kobalti ina mshindani. Betri za chuma na fosfati, zile BYD inazoziita Blade tangu 2020, hazina kobalti wala nikeli ndani yake, na ndizo zinazoenea haraka katika magari ya bei nafuu. Kila mwaka tunaochelewa, wahandisi wa wengine wanazidi kujifunza kufanya kazi bila sisi. Lango la kobalti litatusaidia tu kama miaka hii miwili tutaitumia kujenga kitu, kwa maana kupandisha bei bila kujenga kutawasukuma wanunuzi kwenye fosfati.

Kitu hicho ni nini? Kwa maoni yangu ni vitu viwili, na vyote viwili vinagusa Kasomeno moja kwa moja.

Cha kwanza ni umeme, na cha kushangaza ni jinsi ulivyo karibu. Luapula, mto uleule watakaouwekea daraja, una maporomoko ya Mumbotuta na Mambilima kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, na kwa miaka mingi serikali mbili zimekuwa zikizungumza kuyatumia kuzalisha umeme. Wakati huohuo migodi ya Katanga inanunua umeme kutoka ng'ambo, na waya wa umeme wa bwawa la Inga, uliovutwa kilomita 1,700 hadi Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, unapita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa. Kasomeno wanapika kwa makala. Nilitazama magunia yale barabarani nikifikiria kwamba msitu huu unakatwa katika mkoa unaotoa madini ya kuiondoa dunia kwenye moshi, na nilipata hasira ambayo bado ninayo.

Cha pili ni soko lenye ukuta wake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ndani ya Jumuiya hiyo kuna ushuru wa pamoja wa forodha, na magari yaliyoundwa nje hutozwa asilimia 25 au zaidi. Huo ni ukuta, ingawa una matundu mengi. Kenya iliwahi kuutumia: miaka ya 1970 ililinda viwanda vyake vya kuunganisha magari, Leyland ikafungua Thika, kisha miaka ya 1990 milango ikafunguliwa kwa magari ya mtumba na viwanda vikabaki na kazi kidogo. Leo kiwanda hichohicho cha Thika, chini ya jina la Kenya Vehicle Manufacturers, kinaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo kwa vipande kutoka China. Uganda ina Kiira Motors na kiwanda chake Jinja. Ethiopia imekwenda mbali kuliko wote. Mwanzoni mwa 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari ya petroli na dizeli, na ikaweka ushuru wa asilimia 15 kwa gari la umeme lililokamilika, 5 kwa lililounganishwa nusu, na sifuri kwa vipande vitupu. Hesabu hiyo inamwambia kila mtengenezaji: njoo uunganishie hapa.

Afrika Mashariki yote ikipanga ngazi kama hiyo, na Kongo ikaleta kobalti na shaba kwa masharti kwamba mgawo mkubwa upewe kampuni zitakazosafisha na kutengeneza kathodi upande huu wa bahari, basi kwa mara ya kwanza madini na wanunuzi watakuwa nyuma ya ukuta mmoja. Sisemi gari litaundwa Kasomeno. Pikipiki za umeme, mabasi, betri za kuhifadhi nguvu ya jua, hivyo ndivyo watu wetu wanavyoweza kununua, na ndivyo vinavyoweza kuanza. Kijana wa benchi anaweza kabisa kuendesha pikipiki ya umeme iliyotengenezwa Thika au Lubumbashi kabla hajawa mzee.

Nilipouliza kama kuna mtu kutoka serikalini aliyekuja kuwaeleza wakazi daraja litawaletea nini zaidi ya malori, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alijibu kwa upole kwamba wamekuja wapimaji. "Walipima barabara, papa. Sisi tunangojea."

Migawo ya kobalti imepangwa hadi mwisho wa 2027, na daraja la Luapula linasubiriwa. Nawaomba wabunge wa Haut-Katanga, na wenzao wa mkoa wa Luapula, Zambia, ng'ambo ya mto, wadai mambo mawili kabla lori la kwanza la kobalti halijavuka: sehemu ya malipo ya barabara itengwe kwa sheria kuleta umeme Kasomeno na Kasenga, na kampuni yoyote inayopewa mgawo wa kobalti ioneshe kwa maandishi ni hatua gani ya kazi itaifanya ndani ya nchi hizi mbili, na mwaka gani.